Povu la Kunyolea Ndevu: Kila Ngozi na Chake

Majuma mawili yaliyopita safu hii ilizungumzia sabuni ya kufulia sare. Tangu siku hiyo barua zimetufikia, nyingi zikiwa zimeandikwa na akina mama, zikiuliza kwa nini tumeitunza sare tukausahau uso wa anayeivaa. Mama mmoja wa askari polisi ameeleza kwamba mumewe hununua kopo la povu la bei kubwa kila mwezi, na hata hivyo shingo yake imejaa vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Anauliza: kosa ni la kopo, la wembe, ama la ngozi yenyewe?

Swali hili ni la haki, tena linazihusu nyumba nyingi za wasomaji wetu. Karani wa ofisi akipenda aweza kufuga ndevu juma zima bila kuulizwa na mtu. Askari hana nafasi hiyo. Yeye hukaguliwa asubuhi, na uso wake ni sehemu ya sare yake. Kwa hiyo yule anayeweza kuiumiza ngozi yake mara moja kwa juma na yule anayeiumiza mara sita hawawezi kupewa shauri moja.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kazi ya povu. Watu wengi hudhani kwamba povu ndilo linalolainisha ndevu. Sivyo. Kinacholainisha ndevu ni maji. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu na mkaidi. Ukinywa maji huvimba kidogo, hulegea, na wembe huukata kwa nguvu ndogo zaidi. Kunywa huko si kwa kufumba na kufumbua. Kunahitaji dakika mbili au tatu, na maji ya uvuguvugu hufanya kazi upesi kuliko ya baridi. Povu huja kusaidia kwa njia tatu: huondoa mafuta yaliyouzunguka unywele ili maji yapate kupenya, huyazuia maji hayo yasikauke juu ya uso, na huweka utelezi kati ya chuma na ngozi. Basi, mtu anayejipaka povu na hapo hapo akashika wembe amelipia kazi tatu akatumia moja. Malalamiko mengi yanayotupiwa makopo ya dukani yangepaswa kutupiwa haraka ya mwenye uso.

Sasa tutazame vitu vyenyewe. Dukani utakuta namna nne: kipande kigumu cha sabuni ya kunyolea, kitumiwacho kwa brashi, krimu iliyo ndani ya tyubu, povu la kopo linalotoka kwa kubonyeza, na jeli, ambayo hutoka kama uji mzito na kugeuka povu inaposuguliwa usoni. Kwa umri, sabuni na brashi ndiyo mzee wa ukoo. Krimu isiyohitaji brashi ilienea baada ya mwaka 1919, Mmarekani Frank Shields alipotengeneza ile iliyoitwa Barbasol. Povu la kopo lilifuata mwaka 1949, na jeli karibu na mwaka 1970. Tofauti zake si za mtindo tu. Ndani ya kopo la povu mna maji mengi, sabuni kidogo, na gesi inayosukuma. Ni jepesi, la haraka, na hukauka upesi. Tyubu ina sabuni nyingi zaidi na mara nyingi ina gliserini, kitu kinachovuta na kushika unyevu. Ndiyo maana tyubu ndogo, ikitumiwa kwa brashi na kwa kiasi cha punje ya haragwe, hudumu kuliko kopo kubwa linalojaza mkono mzima kwa mbonyezo mmoja. Mama mwenye kushika daftari la matumizi ya nyumba na alijue hilo.

Wapo watakaosema: sisi tunanyoa kwa sabuni ya kuogea, na baba zetu walinyoa kwa sabuni ya kufulia, hawakufa. Ni kweli, hawakufa. Nchi yetu haina upungufu wa sabuni. Michikichi ya Rumonge na ya uwanda wa Imbo hutoa mafuta, na kiwanda cha Savonor hapa Bujumbura kimekuwa kikiyageuza kuwa sabuni kwa miaka mingi. Lakini sabuni ya kufulia imeundwa ili iondoe mafuta kwenye kitambaa, nayo haijui kubagua kati ya kola ya shati na shavu la mtu. Kwa kipimo cha wanakemia, ambacho 7 ni maji safi, chini yake ni uchachu na juu yake ni umagadi, ngozi ya binadamu hukaa karibu na 5, yaani imechacha kidogo, na uchachu huo ni ngao yake dhidi ya vijidudu. Sabuni ya kawaida huwa kati ya 9 na 10. Mwenye ngozi ya mafuta, iliyo imara, aweza kuvumilia tofauti hiyo na ngozi ikajirudi yenyewe baada ya saa chache. Mwenye ngozi kavu hawezi, hasa akirudia kila siku. Sabuni ya kunyolea nayo ni sabuni, lakini imetengenezwa kwa potasi pamoja na magadi, ikaongezewa gliserini, ili povu lake liwe zito na lisikauke.

Hapa kuna jambo la mji wetu ambalo sijaliona likitajwa kwenye kopo lolote, nalo ni maji.

Maji mengi ya bomba yanywewayo Bujumbura huvutwa na REGIDESO kutoka Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina umagadi: kwa kipimo tulichokitaja maji yake hukaribia 9. Tena yana chumvi nyingi za madini, hasa magnesi, ambayo sehemu yake kubwa huteremshwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, katika nchi ya volkeno. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu. Sabuni ikikutana nayo, sehemu yake hushikana na madini na kugeuka utando mweupe usiotoa povu. Utando huo ndio unaouona ukiganda ukingoni mwa bakuli. Unaganda pia usoni, ndani ya vitundu vya ndevu, na hubaki hapo mchana kutwa ukiwasha, hasa asiyesuuza vizuri.

Askari aliyezoea chemchemi za Muramvya au Bururi, ambako maji ya milimani kwa kawaida ni laini, akihamishiwa Bujumbura hushangaa kuona sabuni ile ile, wembe ule ule, na uso ule ule havipatani tena. Hulaumu joto. Joto lina sehemu yake, lakini na aanze kwa kuyashuku maji. Dawa yake ni rahisi na haiuzwi dukani: kinga maji ya mvua. Kuanzia Oktoba hadi Mei mvua haitunyimi. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha kinga ndoo moja safi, ifunike, na uitenge kwa ajili ya kunyolea. Kikombe kimoja kwa siku chatosha. Utaona povu linavyoumuka. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, ongeza sabuni kidogo na suuza mara mbili. Kuyachemsha maji ya ziwa ni jambo jema kwa kunywa, lakini hakuondoi magnesi yake.

Tukirudi kwenye ngozi, mtu ataijuaje yake? Njia ya nyumbani ni hii: osha uso kwa maji matupu, usijipake chochote, ukae saa moja. Ukiona paji la uso na pua vinang'aa, ngozi yako ni ya mafuta. Ukihisi imekaza kama ngoma, na ukipitisha ukucha unaacha mstari mweupe, ni kavu. Wengi wetu tuna zote mbili, mafuta katikati na ukavu mashavuni, na hao wachague kwa kuangalia mashavu na shingo, maana ndiko wembe unakopita.

Mwenye ngozi kavu namshauri krimu ya tyubu yenye gliserini, ambayo haina menthol wala alkoholi. Ule ubaridi wa menthol hupendeza, lakini ubaridi si dawa. Ni hisia tu, na kwa ngozi iliyokauka huishia katika mwasho. Povu la kopo lisiwe chaguo lake la kwanza. Mwenye ngozi ya mafuta afadhali atumie sabuni na brashi, au jeli, na ajiepushe na krimu nzito zenye mafuta mengi. Mafuta ya nazi, ambayo wengine hujipaka kabla ya kunyoa, huziba vitundu vya ngozi ya namna hiyo na kuzaa chunusi. Juu ya jeli sina mengi: ni nzuri, hukuonyesha wembe unakopita, na ni ghali.

Ngozi nyepesi kuumia, ile inayowaka kwa kila kitu, ina adui mmoja mkubwa, nayo ni manukato. Bidhaa nyingi zinazotufikia zimeandikwa kwa Kifaransa, na juu ya kopo huandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya «peaux sensibles». Maneno hayo ni ya muuzaji. Geuza kopo, usome orodha ya herufi ndogo nyuma yake. Vitu hupangwa kwa wingi wake: maji, yaani «aqua», huwa ya kwanza, na cha mwisho ni kile kilichowekwa kidogo kabisa. Ukilikuta neno «parfum» humo, na ngozi yako ni ya kuwaka, lirudishe kopo kwenye rafu hata kama muuzaji anakutazama vibaya. Ukiinunua bidhaa mpya, ipake kidogo chini ya taya au kwenye mkunjo wa kiwiko, jioni mbili mfululizo. Isipowasha wala kuvimbisha, ndipo uiamini kwa uso mzima.

VIPELE VYA SHINGO

Sasa nimjibu yule mama, kwa kuwa habari ya mumewe si ya povu.

Ndevu za watu wengi wa Afrika hukua kwa kujikunja. Wembe ukiukata unywele uliojikunja, unaacha ncha kali kama ya mshale. Siku moja au mbili baadaye ncha hiyo hugeuka, hujipinda, na kuichoma ngozi ile ile iliyotoka. Mwili huiona kama mwiba wa kigeni na kuizingira kwa uvimbe. Kuna njia ya pili, mbaya zaidi: mtu akiivuta ngozi kwa vidole ili anyoe hadi mwisho, au akitumia wembe wa makali mengi, unywele huvutwa nje kidogo, hukatwa, kisha hurudi chini ya ngozi, unapokua hauoni mlango, nao hutoboa kando. Huo wembe wa makali mawili, matatu au matano, unaosifiwa kwa kunyoa hadi ngozi iteleze kama kioo, kwa mwenye ndevu za kujikunja ni sifa inayogeuka maradhi.

Tatizo hili limeandikwa sana jeshini. Makala ya kitabibu ya mwaka 1974 juu ya jeshi la Marekani ililieleza kuwa ni shida ya tiba, ya utawala na ya maisha ya jamii kwa pamoja, na tafiti zinazonukuliwa hadi leo hutaja kwamba kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa hupatwa nalo kwa kiasi fulani. Nchi mbalimbali zimelikabili kwa namna mbalimbali. Jeshi la nchi kavu la Uingereza liliruhusu ndevu zilizopunguzwa vizuri mwezi Machi 2024. Huko Marekani upepo ulivuma upande mwingine: mwezi Agosti 2025 wakuu wa ulinzi waliagiza kwamba ruhusa ya kitabibu ya kutonyoa iambatane na mpango wa matibabu, na kwamba anayeihitaji zaidi ya mwaka mmoja aweza kufikiriwa kuondolewa kazini. Hoja ya kinyago cha kuzuia gesi, ambacho hakishiki vizuri juu ya ndevu, ndiyo inayotajwa tangu Vita Kuu ya Kwanza, wakati kampuni ya Gillette ilipowapa askari wa Marekani mashine za kunyolea kwa mamilioni mwaka 1918. Kanuni za vikosi vyetu si kazi ya ukurasa huu kuzijadili. Kazi yake ni kumwambia askari mwenye vipele kwamba hayo ni maradhi yanayojulikana, yana jina katika vitabu vya madaktari, wala si uchafu wala uzembe. Aende kwa mganga wa kikosi chake, au Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge, aonyeshe shingo yake mchana peupe, na kama anastahili kupumzika kunyoa apate karatasi inayosema hivyo.

Kwa maana dawa ya kwanza ndiyo hiyo: kuacha. Wembe ukiwekwa kando kwa muda wa majuma matatu au manne, nywele zilizozama hurefuka na kujinasua zenyewe. Baadaye mtu arejee kwa adabu mpya. Atumie wembe wa makali mamoja, au, kilicho bora zaidi, mashine ya umeme kama ya vinyozi wa Bwiza, iliyowekwa iache unywele wa milimita moja hivi. Kwa hatua tatu uso utaonekana umenyolewa. Ni kidole tu kitakachojua. Anyoe kwa kufuata upande ndevu zinakoelekea. Shingoni ndevu hubadili njia, pengine hulala kando, pengine huelekea juu, na kila mtu anapaswa kuijua ramani ya shingo yake kwa kupapasa. Asiivute ngozi, wala asirudie mara tatu mahali pamoja. Na povu? Povu zito la tyubu, lililoachwa dakika tatu, litampunguzia msuguano. Litasaidia. Halitaponya, na kopo la bei maradufu halitaponya maradufu.

Ningependa kusimama hapa kidogo, kwa sababu pesa si hasara kubwa kuliko zote katika habari hii. Yupo kijana mmoja, jirani wa mtaa wangu, aliyejiunga na polisi akiwa na uso safi. Mwaka wa kwanza vipele vilimjia. Rafiki yake akampa tyubu ndogo inayouzwa sokoni pamoja na vipodozi, akimwambia ajipake kila baada ya kunyoa. Kwa siku tano vipele vilitoweka kabisa, naye akaisifu kwa wenzake. Mwezi wa nne alikuwa na shingo ya rangi tatu. Ngozi ilikuwa nyembamba hata mishipa midogo ikaonekana, na kila alipoiacha ile dawa uso uliwaka moto, akalazimika kuirudia. Mama yake ndiye aliyeisoma ile tyubu: «clobétasol».

Hiyo ni dawa ya kweli, tena kali, ambayo daktari huitoa kwa maradhi maalumu na kwa siku za kuhesabu. Huzima uvimbe upesi, ndiyo maana hudanganya. Ikipakwa miezi usoni, huikondesha ngozi na kufungulia mlango vijidudu. Nyingine ya kuogopwa ni «hydroquinone», inayotiwa katika krimu za kujichubua. Wanaume huinunua ili kufuta madoa meusi yaliyoachwa na vipele, na ikitumiwa muda mrefu huacha weusi wa kudumu ulio mbaya kuliko ule wa kwanza. Mke wa askari akiliona mojawapo ya majina hayo kwenye rafu ya bafuni, na halikuandikwa na daktari, asione haya kuuliza. Madoa ya vipele hufifia yenyewe, polepole, mara vipele vinapokoma. Visipokoma, vikatoa usaha, au pakabaki vinundu vigumu vinavyoendelea kukua baada ya kidonda kupona, hapo si pa mke wala pa rafiki, ni pa daktari.

WEMBE NA BRASHI

Kambini watu hugawana kila kitu, na ugawanaji huo ni fahari ya askari. Wembe uwe nje ya fahari hiyo. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni, kwa siku saba au zaidi. Kuufuta wembe kwa suruali, au kuupitisha kwenye maji ya moto kidogo, hakuviui. Kwa kinyozi pia, dai wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako. Kinyozi mzuri hataona umemtukana.

Brashi nayo isiazimwe, ioshwe, ikung'utwe, itundikwe manyoya yakielekea chini ili ikauke. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari wa Uingereza na wa Marekani walipatwa na kimeta usoni kwa sababu ya brashi za manyoya ya wanyama yasiyosafishwa ipasavyo. Watu waliookoka mizinga wakaugua kwa brashi. Siku hizi hatari hiyo ni adimu, lakini brashi iliyolala ndani ya kikombe chenye maji ya jana ni shamba la vijidudu.

Baada ya kunyoa, maji ya baridi yatosha kwa wengi. Shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi, hufunga mikwaruzo midogo vizuri, nalo pia liwe la mtu mmoja. Spiriti huwasha na kukausha. Anayeipenda kwa sababu inauma ajue kwamba maumivu hayaponyi. Ndimu iachwe jikoni: maji yake yakikaa usoni na jua likayapiga, ngozi huungua na kuacha mabaka meusi, jambo linalowapata wengi wakidhani wametupiwa kitu kibaya. Mwenye ngozi kavu ajipake mafuta mepesi yasiyo na manukato wakati uso bado una unyevu.

Wale wanaokwenda katika doria na kambi zenye shida ya maji, na wengi wa askari wetu waliohudumu Somalia kuanzia Desemba 2007 hawahitaji kuelezwa shida hiyo, na wabebe krimu ya tyubu isiyohitaji brashi. Kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikawekwa usoni kwa dakika tatu, hufanya kazi ya bakuli zima. Kopo la povu si mzigo wa safari: lina gesi inayoshika moto, na huandikwa wazi kwamba lisipate joto la kupita nyuzi 50. Lisiachwe ndani ya gari juani. Likiisha, lisitupwe kwenye moto wa takataka nyuma ya nyumba, hasa watoto wanapocheza hapo, kwa kuwa kopo lionekanalo tupu bado lina gesi ya kutosha kupasuka.

Msomaji mwingine wa Ngagara ameuliza wakati gani ni bora kunyoa. Desturi ni alfajiri. Lakini ambaye ndevu zake hukua polepole, na hazionekani asubuhi akinyoa usiku, ajaribu kunyoa kabla ya kulala. Ngozi itapata saa saba za kutulia kabla haijakutana na jasho, vumbi na ukanda wa kofia ya chuma chini ya kidevu. Mwenye ndevu za haraka hana hiari. Basi aamke dakika tano mapema, dakika ambazo akiziiba kutoka usingizini hazilipi tena kwa vipele.

Limebaki la vijana. Mtoto wa kiume akianza kuota ndevu, aghalabu huiba wembe wa baba yake na kukwangua shavu kavu mlango umefungwa. Ni afadhali baba amwite, ampe wembe wake mwenyewe na tyubu yake ndogo, amwonyeshe kungoja zile dakika tatu, na amwambie kwamba zile nywele chache za kidevuni hazihitaji wembe kila siku; mara moja kwa juma inatosha kwa miaka yake ya kwanza. Ikiwa baba yuko kazini mbali, mjomba au kaka mkubwa na aifanye kazi hiyo. Na kama shingo ya baba ina vipele, basi tangu mwanzo kijana apewe mashine badala ya wembe, kwa maana ndevu za kujikunja hurithiwa.